Kaka anataka wimbi kubwa, mimi nahesabu kilo

Jambo Mama Mshauri,

Nasoma majibu yako kila juma, na sikufikiri kama siku moja nitakuandikia kwa sababu ya boti. Wengine wanakuletea mambo ya ndoa na viwanja vya urithi, mimi nakuletea mifuko ya maji. Lakini mifuko hiyo imefika mahali ambapo mimi na kaka yangu tukipigiana simu tunaulizana habari za watoto, halafu kila mtu anatafuta sababu ya kukata. Na mwezi wa saba anakuja.

Tuko watoto watatu wa mama mmoja, watu wa Bukavu. Kaka mkubwa anaishi Liège, Ubelgiji. Mimi ni wa pili, nauza vitambaa Nyawera. Mdogo wetu wa mwisho ndiye dereva wa boti. Tuliinunua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Ni boti ya mita saba hivi, moteri iko ndani na propela iko chini ya tumbo, haikutokeza nyuma. Kaka alitoa nusu ya bei, nusu nyingine tukagawana mimi na mdogo. Inalala chini ya nyumba ya Mama, Muhumba, kwenye gati dogo la mawe. Sentinele anayeilinda namlipa mimi. Esansi ya moteri mara nyingi ni mimi. Turubai ilipochanika, nilienda kuishonesha mimi.

Boti hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya mchezo wanaouita weksefu. Mtu anasimama juu ya ubao nyuma ya boti inayokwenda polepole, anashika kamba mpaka apate mizani, kisha anaitupa kamba na wimbi la boti lenyewe linamsukuma. Ili wimbi liinuke, boti lazima iwe nzito. Ndiyo maana chini ya sakafu kuna matangi mawili yanayojazwa maji ya ziwa kwa pampu, kama kilo 450 yote mawili. Hiyo ndiyo balasti.

Kaka anasema haitoshi. Kule alipo alipanda boti ya rafiki yake yenye balasti kubwa, na tangu siku hiyo hana habari nyingine. Anataka kunitumia dola 1,800 ili tuongeze mifuko miwili ya kilo 340 nyuma, mmoja kila upande, na mwingine wa kilo 180 mbele, pamoja na pampu na mabomba yake. Fundi aliyekuja kuangalia anasema itabidi atoboe tundu jipya chini ya boti.

Sitaki ufikiri ni mchezo wa watu wazima wenye pesa za kuchezea. Binti yangu ana miaka 15 na anaupenda kuliko kitu chochote. Akitupa kamba anakaa kidogo tu, wimbi linamwacha, anazama mpaka mabegani na kuanza kucheka. Watoto wa kaka wakija, watakuwa vijana watano wanaogombania ubao mmoja.

Lakini boti haifanyi kazi hiyo tu. Mama alizaliwa Idjwi, kisiwa cha Ziwa Kivu. Kukiwa na arusi au matanga tunampeleka, na haendi peke yake: kuna shangazi, kuna vikapu, kuna mtu aliyesikia tunakwenda. Kiti chake ni kile cha nyuma kushoto, juu ya sanduku ambalo kaka anataka kuweka mfuko mmoja. Karibu na usukani kuna kibao kimeandikwa: watu 12, kilo 950, watu na mizigo.

Oktoba 2024, boti ya abiria iitwayo Merdi ilitoka Minova ikazama ikiwa imekaribia Kituku, pale Goma, watu wakiitazama kutoka ufukweni. Mama mmoja wa mtaa wetu alifiwa na binti yake siku ile. Tangu hapo, kabla hatujaondoka nahesabu watu, nahesabu na vikapu. Kaka anasema: «Merdi ilijaa watu. Hii ni maji tu, na maji hayawezi kuzamisha boti ndani ya maji.» Mdogo wetu anamuunga mkono, na ameongeza la kwake: kama mifuko ni ghali, tuweke magunia ya mchanga. Tulipompigia kaka simu wote pamoja, Mama alisema, «Mwacheni mtoto afurahi, anatoka mbali.»

Nikikataa, mimi ni dada mwenye roho mbaya anayekalia mali ya wote. Nikikubali, sitalala siku atakazokuwa hapa. Nifanye nini?

Dada wa Muhumba, Bukavu

Mama Mshauri anajibu

Jambo dada wa Muhumba,

Barua yako niliisoma nikiwa na kalamu mkononi, maana ina hesabu. Kwa hiyo niruhusu nianzie huko, ingawa najua si kilo peke yake zinazokunyima usingizi.

Mifuko miwili ya 340 na mmoja wa 180 ni kilo 860. Kibao chako kinasema 950. Zinabaki kilo 90, yaani mdogo wenu kwenye usukani, na heri asiwe ametoka kula ugali. Binti yako hayumo, watoto wa kaka hawamo, wala kopo la esansi ya akiba halimo. Watengenezaji wengi wa boti za namna hii huandika kwenye kitabu chao kwamba balasti ya kuongeza inahesabiwa ndani ya uzito wa kibao, na kwamba kila mfuko unaoweka unapunguza watu. Matangi ya chini ya sakafu yalikuja na boti, hayo huenda yalishahesabiwa. Kitabu cha boti yenu ndicho kitakachosema, na kama Mzungu aliondoka nacho, kaka aliye Ulaya ana njia rahisi ya kukitafuta kuliko wewe. Hiyo ni kazi unayoweza kumpa leo, na haina ugomvi ndani yake.

Sasa neno la kaka, kwamba maji hayawezi kuzamisha boti ndani ya maji. Ana nusu ya ukweli, na ni nusu nzuri. Boti ikishajaa maji, mfuko wa maji hauivuti chini, kwa sababu uzito wake ni sawa na wa maji yaliyouzunguka. Mchanga unavuta. Chuma kinavuta. Kwa hiyo magunia ya mdogo wenu, hapo nakuomba usinyamaze: hayo yasipande kabisa, hata kwa siku moja ya kujaribu.

Nusu nyingine ya ukweli ni ile ya kabla ya boti kujaa. Wakati huo lita moja ni kilo moja kamili, na kila kilo inaushusha ukingo wa boti karibu zaidi na ziwa. Nimekaa na fundi mmoja wa boti hapa mjini, akanieleza mahali hatari inapojificha. Mtoto akianguka kutoka kwenye ubao, dereva anaachia gesi ghafla ili ageuke kumchukua. Boti inapunguza mwendo, lakini lile wimbi kubwa walilolitengeneza halipunguzi. Linawafikia kutoka nyuma. Pua ya boti, ambayo sasa ina mfuko wa kilo 180 na labda vijana watatu waliokaa juu yake kutazama, inainama, na maji yanaingia kwa mbele kama mlango umefunguliwa wazi. Ndiyo maana nauliza: mdogo wenu, aliyezoea boti nyepesi, amewahi kuiendesha ikiwa imeshiba hivyo? Hukuniambia, na kaka naye nadhani hakumuuliza.

Kuna jambo jingine dogo ambalo wauzaji hawalisemi sana. Mfuko ulio nusu ni mbaya kuliko uliojaa. Umewahi kuona mtu aliyebeba ndoo nusu kichwani anavyoyumba, wakati mwenye ndoo iliyojaa anatembea wima? Maji yakipata nafasi ya kukimbia, boti ikiinama upande mmoja yanakimbilia upande uleule. Mfuko unajazwa mpaka hewa yote itoke, au unaachwa mtupu kabisa.

Kisha ziwa lenyewe. Kaka alipanda boti ile Ubelgiji, nchi ya chini. Kivu iko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na moteri isiyo na turbo hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 za kupanda. Hapa kwetu moteri yenu imeshapoteza karibu asilimia 15 kabla hamjaweka hata kikombe cha maji. Mchezo wenu unahitaji kilomita 16 hadi 19 kwa saa, na si ajabu boti iliyobeba kilo zote hizo ikabaki inalima maji pua juu, inakunywa esansi yako, bila kuufikia mwendo huo. Watu wa milimani hubadilisha propela, wanaweka yenye mpindo mdogo zaidi ili moteri ipumue. Hilo halimo kwenye dola 1,800. Muulize kaka kama analijua. Huenda mkagundua kwamba propela peke yake, pamoja na matangi mliyonayo, inampa binti yako wimbi safi zaidi kuliko mifuko mitatu ingempa.

Kuhusu tundu la fundi, usilikatae kwa sababu ya kuogopa neno kutoboa. Matundu yanatobolewa kila siku. Lakini kabla hajashika mashine, akuonyeshe valvu atakayofunga pale, na akufundishe wewe na sentinele kuisoma: mpini ukilala sambamba na bomba, maji yanapita, na ukikaa msalaba, imefungwa. Si boti zote zinazozama katikati ya ziwa. Nyingine zinazama gatini usiku, valvu ikiwa wazi na bomba limechomoka, ziwa likaingia taratibu mpaka asubuhi. Akuonyeshe pia chujio mbele ya pampu. Unaijua ghuba yetu. Chupa na mifuko ya plastiki inayoziba mitambo ya umeme ya Ruzizi inapita kwanza mbele ya gati la mama yako. Pampu zenye gurudumu la mpira ndani hazivumilii kuzunguka zikiwa kavu. Mfuko mmoja wa plastiki ukiziba mdomo, mpira unaungua kwa muda mfupi sana, na mtabaki na maji mliyoyaingiza bila njia ya kuyatoa. Pampu yao ya kawaida ikivuta lita 3,000 kwa saa, mfuko wa 340 unahitaji dakika saba kutoka, betri ikiwa nzima. Upepo wa alasiri haungoji dakika saba. Ipo njia isiyo na tundu: pampu ya kushika mkononi inayoteremshwa pembeni ya boti kwa bomba lake. Ni ya taabu na inalowesha kila mtu, lakini inaondoka siku kaka anapoondoka.

Hadi hapa nimeongea kama fundi, na wewe uliandika kwa dada yako mkubwa. Tuongee hivyo sasa.

Umeandika mara kadhaa kwamba kaka ndiye anayetaka. Lakini ukimwondoa kaka kabisa kwenye barua yako, anabaki binti wa miaka 15 anayeachwa na wimbi na kuanza kucheka. Naye anataka. Inawezekana kumwambia kaka hapana ni rahisi kwako kwa sababu yuko mbali na ana kelele, ilhali huyu wa nyumbani hujamwambia bado? Simaanishi umkubalie. Nataka tu ujue unabishana na watu wangapi.

Na Merdi. Sitakuambia usiogope, mimi mwenyewe nikipanda boti ya Goma natafuta mlango kwanza. Watu wengi wa ziwa hili wanahesabu kama wewe tangu mwezi ule, na ni afadhali tuhesabu. Ila nakuuliza kwa upole: ulipokuwa unawapeleka shangazi na vikapu na yule mtu aliyesikia mnakwenda Idjwi, hesabu ilikaa daima chini ya 950? Watu kumi wazima ni kama kilo 700, halafu kuna mananasi ya kurudi nayo, na matangi ya chini huenda yalikuwa hayajamwagwa. Kaka akikuuliza swali hili siku ya ugomvi litakuuma. Ni bora ulijibu mwenyewe kabla, maana sheria utakayotaka aifuate kwenye mchezo wake itakuwa na nguvu kama inafuatwa pia kwenye matanga.

Halafu kuna sentinele, esansi na turubai. Uliviandika vyote vitatu, kimoja baada ya kingine, na hakuna aliyekuuliza. Kaka alitoa nusu ya bei siku moja. Wewe unatoa kila mwezi. Naona kama swali la nani anaamua juu ya boti hii halijawahi kuzungumzwa, na sasa limekuja limevaa nguo za balasti. Mkilimaliza la mifuko bila kuligusa hilo, litarudi na rangi mpya ya viti au na jina la boti. Unaweza kuligusa bila kulalamika: andika kwenye karatasi kile boti inachokula kwa mwaka, mpelekee, useme tu kwamba kabla ya kuongeza uzito ungependa mjue pamoja gharama ya uliopo.

Njia mlizonazo ni zaidi ya ndiyo na hapana. Mnaweza kujaribu bila kutumia dola hata moja, kwa sababu watu nao ni balasti: vijana wawili wakikaa nyuma upande wa wimbi, linabadilika mbele ya macho yenu. Mkisogeza mmoja mbele, linarefuka. Jumamosi ya namna hiyo, ziwa likiwa tulivu asubuhi, itawaambia kama kweli mna njaa ya kilo 860 au ya 200. Kuna pia kibao cha plastiki kinachobandikwa ubavuni mwa boti kwa vinyonyeo, upande usio wa wimbi. Kinachelewesha maji kukutana nyuma na wimbi linasafika bila uzito wa ziada. Kasoro yake ni kwamba kinaweza kung'oka na kupotea, na kaka anaweza kukiona ni cha kitoto. Mnaweza kuchukua mfuko mmoja badala ya mitatu, na karatasi iliyobandikwa karibu na usukani: mfuko ukijaa, watu ni saba, mwisho. Hapo hatari si maji. Ni siku atakapotokea binamu wa nane amevaa kaptula tayari, na mdogo wenu hawezi kumwambia shuka. Mnaweza hata kuweka mifuko yote mitatu na kuamua boti hii sasa ni ya mchezo, Mama apande za abiria. Ni uamuzi halali wa wenye mali, lakini useme kwa jina lake, usiingie kimyakimya kupitia sanduku la nyuma kushoto.

Mkiongeza uzito kwa kiasi chochote, kumbukeni wimbi halina mwisho pale ubao unapoishia. Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, kilichapisha mwaka 2022 vipimo vyake, kikakuta mawimbi ya boti hizi yanahitaji zaidi ya mita 150 mpaka yatulie kufikia yale ya boti za kawaida. Ghuba zetu ni nyembamba, na asubuhi kuna wavuvi wa samaki wadogo wa sambaza wanaorudi wamechoka, kuna mitumbwi ya Idjwi iliyojaa ndizi mpaka ukingoni. Kuna mama anayefua juu ya jiwe. Hao hawana usukani wa kugeuza. Mchezo utoke nje, kwenye maji mapana, au usifanyike.

Na moshi wa moteri, hili nalisema haraka kwa sababu halihitaji mjadala: mtoto asining'inie wala kukaa kwenye ubao wa kupandia ulio nyuma ya boti moteri ikiwa inawaka, hata kwa picha moja. Hewa ile ni sumu isiyo na rangi, na boti nzito inayokwenda polepole huivuta ndani. Jile za kuelea zivaliwe, zisikaliwe.

Kuhusu maneno ya Mama, ulimnukuu akisema mwacheni mtoto afurahi. Aliyasema simu ikiwa wazi, wote mnasikiliza, na mwanawe wa Ulaya upande wa pili. Mama gani wa kwetu angesema kingine? Hujaniambia kama anajua mfuko unakwenda chini ya kiti chake, au kama kiti hicho kina maana kwake kama kilivyo na maana kwako. Pengine angependa kukaa mbele, pembeni ya dereva, na hakuna aliyemuuliza miaka yote hii. Muulize akiwa peke yake, kabla kaka hajapanda ndege ya Kigali, na kibao cha kilo 950 umwonyeshe pia. Mwanamke aliyezaliwa Idjwi anajua kupakia mtumbwi kuliko sisi wote.

Mama Mshauri